SURA YA TANO: NILE WAPI LONDON? MIGAHAWA YA KIASIA NA MITAA ILIYOIZAA

Miongoni mwa maswali ambayo msafiri wa kwetu, awe mwanafunzi anayekwenda kutafuta elimu, mfanyabiashara anayefuata bidhaa, au mzazi anayekwenda kumtazama mwanawe na wajukuu, huyauliza kabla ya kufunga sanduku lake, lipo moja ambalo halikosekani: huko London nitakula nini, na nitakula wapi? Swali hili si la ulafi wala la anasa. Mtu aliyezoea wali wenye hiliki, mchuzi wenye tangawizi, na chapati iliyotoka jikoni saa ile ile, ana haki ya kuuhofia mji ambao sifa ya mapishi yake, kwa muda mrefu, haikuvuma duniani kama ilivyovuma sifa ya mabenki yake na bandari yake.

Jawabu ni fupi kulitamka, refu kulifafanua. London ni mojawapo ya miji iliyobarikiwa kabisa kwa maakuli ya Asia, walakini baraka hiyo haikutawanyika sawasawa, na mgeni anayeingia mlango wa kwanza aliouona penye taa nyingi karibu na hoteli yake aghalabu hutoka akiwa amelipa sana na kufurahi kidogo. Sura hii itataja baadhi ya migahawa kwa majina, lakini kabla ya majina itampa msomaji kipimo kimoja ambacho kitamfaa hata majina haya yakibadilika. Kipimo chenyewe ni swali: mgahawa huu ulifunguliwa ili kumlisha nani?

Mgahawa uliofunguliwa kuwalisha wenyewe, yaani watu walioijua ladha ya chakula kile tangu utotoni, una mahakimu wakali kila siku mezani, na mpishi akipunguza kiungo au akiharakisha moto, husemwa siku hiyo hiyo. Mgahawa uliofunguliwa kumridhisha mtu asiyekijua chakula hauna hakimu, na ustadi wake, hata ukianza kwa nia njema, hulegea kidogo kidogo. Tafauti hii ilizaliwa na historia, na historia hiyo imeandikwa katika mitaa ya jiji.

MWANZO WA MAMBO

Mgahawa wa kwanza wa Kihindi ujulikanao mjini London ulifunguliwa mwaka 1810 na Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, aliyepata kutumika katika jeshi la Kampuni ya East India. Aliuita Hindoostane Coffee House, akauweka George Street, karibu na Portman Square, katika upande wa mji waliokaa Waingereza matajiri waliorejea kutoka Bara Hindi. Akawapambia ukumbi, akawapa kari na viko vya maji, lakini mwaka 1812 alikuwa amekwisha filisika. Wengi wa wateja aliowatarajia walikuwa na wapishi wao majumbani, na Wahindi wa kawaida walioishi London wakati ule hawakuwa watu wa kula katika nyumba kama ile.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1926, Edward Palmer, ambaye miongoni mwa mababu zake alikuwamo jenerali Mwingereza aliyeoa Bara Hindi, alifungua Veeraswamy katika Regent Street. Mgahawa huu ulidumu hata ukahesabiwa kuwa mkongwe kuliko migahawa yote ya Kihindi Uingereza, na uliwapendeza wakubwa na watawala; nao pia, kama ule wa Mahomed, ulikuwa wa Waingereza walioikumbuka Asia kuliko Waasia wenyewe.

Wakati huo huo, upande wa mashariki wa jiji penye gati, jambo jingine lilikuwa likitendeka bila ya kishindo. Mabaharia wa Sylhet, jimbo lililo kaskazini-mashariki mwa Bangladesh ya leo, ambao kazi yao ilikuwa kuchochea makaa katika meli za Kiingereza, walishuka pwani na baadhi yao hawakurudi melini. Waliosha vyombo katika majiko ya watu, wakajifunza kupika, na baada ya vita vya 1939 hadi 1945 wakanunua mikahawa midogo iliyoharibiwa na mabomu, wakauza samaki na viazi kama walivyozoea wenyeji, na kando yake wali na kari. Huo ndio ukoo wa nyumba za kari, yaani migahawa ya bei nafuu iliyoenea Uingereza nzima, ambayo sehemu kubwa ilimilikiwa na Wabengali hawa ingawa nje iliandikwa kuwa ni ya Kihindi.

Msomaji na afahamu jinsi nyumba hizi zinavyofanya kazi. Asubuhi hupikwa sufuria kubwa ya mchuzi wa vitunguu, ambao ni msingi wa vyakula vyote. Jioni, mteja akiagiza, mchuzi huo hutiwa katika kikaango pamoja na nyama iliyokwisha iva, ukaongezwa krimu ukawa korma, au pilipili ukawa Madras, au pilipili zaidi ukawa vindaloo. Korma ya asili ni pishi la taratibu la majumba ya wafalme wa Kimughal, na vindaloo ya asili ni nyama ya Goa iliyolazwa katika siki na vitunguu saumu, urithi wa Wareno. Katika nyumba ya kari majina hayo yamekuwa ngazi za ukali tu. Hata hivyo si halali kuidharau kazi ile, kwani kwa jasho lake aila nyingi zimelelewa na watoto wengi wamesomeshwa, na mwaka 2001 Robin Cook, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alitangaza kwamba kuku wa tikka masala amekuwa chakula cha taifa lao. Aliye na njaa ya usiku na ale kari hiyo kwa shukrani, akijua kwamba anakula chakula cha Kiingereza chenye bizari. Anayetaka kuijua Asia yenyewe na aende mbele kidogo.

Kwa muhtasari: nyumba za kwanza zilipika kwa ajili ya mgeni. Chakula bora tunachokitafuta kilikuja baadaye, pale wahamiaji walipokuwa wengi hata wakahitaji kujipikia.

WHITECHAPEL: KABABU NA KARAI

Brick Lane ni jina maarufu, na anayekwenda London hana budi kuipita njia hii, kwani pana jengo linalosimulia historia ya wahamiaji kwa ufasaha kuliko kitabu: lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, likawa kanisa la Wamethodisti, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa likawa sinagogi la Mayahudi, na mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabengali. Lakini migahawa mingi ya njia hii imekuwa ya kuwangoja watalii, na penye mtu amesimama mlangoni akikuahidi punguzo, jikoni mara nyingi hapana mengi ya kujivunia.

Mwendo mfupi kutoka hapo, nyuma ya msikiti mkubwa wa East London, katika Fieldgate Street, ipo Tayyabs, ambayo tangu mwaka 1972 imekuwa ikipika chakula cha Wapunjabi wa Pakistani. Hapa mteja huletewa mbavu za kondoo zilizolazwa katika viungo na kuchomwa kwa moto mkali, nazo hufika mezani juu ya bamba la chuma zikilia na kutoa moshi; huletewa kababu za nyama ya kusaga zilizosongwa kwenye vyuma, na mkate wa naan uliobandikwa ndani ya tanuri la udongo liitwalo tandoor. Umberston Street, si mbali na hapo, ipo Lahore Kebab House, ya miaka ile ile, yenye sifa kwa nyama ya karai, yaani nyama ya kondoo iliyopikwa kwa nyanya, tangawizi na pilipili katika karai la chuma mpaka mafuta yakajitenga na mchuzi. Nyumba hizi zilianza kwa kuwalisha wafanyakazi wa viwanda vya nguo na waumini waliotoka msikitini, na ingawa leo watu wa kila kabila husimama foleni mlangoni, mapishi hayakubadilishwa ili kuwapendeza.

SOUTHALL NA WEMBLEY: WALIOPITIA KWETU

Sasa tumefika mahali ambapo msomaji wa Afrika Mashariki hatakuwa mgeni kabisa. Baada ya uhuru wa nchi zetu, maelfu ya Waasia waliokuwa wamekaa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa vizazi viwili au vitatu walihamia Uingereza. Kutoka Kenya waliondoka kwa haraka kubwa mwaka 1967 na mwanzo wa 1968, kabla ya Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya kuwazuia. Na mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda muda wa siku 90 waondoke, na takriban watu 28,000 kati yao walipokewa Uingereza. Waliacha maduka, viwanda na nyumba. Walichoweza kukichukua bila ya kunyang'anywa mpakani ni ujuzi wa mikono yao, na sehemu kubwa ya ujuzi huo ilikuwa ya jikoni.

Southall, magharibi mwa jiji, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, ulikwisha kuwa mji wa Wapunjabi waliokuja kufanya kazi viwandani. Hapo, mwaka 1975, ulifunguliwa mgahawa wa Brilliant, na jina hilo halikuzaliwa Uingereza, kwani aila ya wenyewe ilikuwa na hoteli ya jina hilo hilo Nairobi. Kuku wao wa jira, ile bizari nyembamba, aliyekaangwa mkavu mpaka kiungo kikamganda, ni chakula kilichokomaa Kenya miongoni mwa watu wenye asili ya Punjab, na huwezi kukihesabu kuwa cha nchi moja tu. Mwaka 1980 watu wa aila hiyo hiyo walifungua Madhu's, na katika orodha ya vyakula vyake msafiri wa kwetu atasoma, katikati ya majina ya Kipunjabi, mbavu za kondoo ziitwazo nyamah choma, na mihogo iliyokaangwa kwa jira. Haya hayakuandikwa kwa mzaha wala kwa kutafuta upya; ndivyo walivyokula Nairobi siku za Jumapili, na ndivyo wanavyoendelea kula.

Wembley, kaskazini-magharibi, ni makao ya Wagujarati, ambao wengi wao hawali nyama kwa sababu ya dini. Katika Ealing Road, penye maduka ya sari, dhahabu na maembe, ipo Maru's Bhajia House, iliyofunguliwa mwaka 1976 na watu waliotoka Kenya. Bhajia zake ndizo zile ambazo wakazi wa Nairobi huziita bhajia za Maru: vipande vyembamba vya viazi vilivyopakwa unga wa dengu na kotimiri, vikakaangwa mpaka vikawa vya dhahabu, na kuliwa kwa chatne yenye ukali na uchachu. Humo mihogo, ambayo katika migahawa ya Kigujarati ya London huandikwa mogo, huliwa kwa chumvi, pilipili na ndimu kama iliwavyo jioni katika pwani yetu.

Mimi nasema kwa moyo wangu wote kwamba mtu wa Mombasa, Kampala au Dar es Salaam akifika London na asiende Southall wala Wembley, amepitwa na jambo lenye kumhusu. Watu hawa waliondoka kwetu, wengine kwa hiari na wengine kwa dhuluma, na dhuluma ile ni doa katika historia ya eneo letu ambalo haifai kulifunika. Kule walikokwenda waliendelea kupika kama tulivyopika pamoja, na kula mezani kwao ni njia moja ya heshima ya kukiri kwamba walikuwa majirani zetu.

Kwa muhtasari: Southall ni ya nyama, mkate wa tanuri na mapishi ya Kipunjabi, Wembley ni ya bhajia, dengu na mboga, na zote mbili zina alama ya Afrika Mashariki iliyo wazi.

TOOTING NA EUSTON: KUSINI MWA BARA HINDI

Anayependa samaki na tui la nazi na apande reli ya chini ya ardhi mpaka Tooting, kusini mwa mto Thames, ambako watu wa Kerala na Watamil wa Sri Lanka wameweka makao. Sree Krishna, uliofunguliwa mwaka 1973, ni miongoni mwa wazee wa mtaa huo. Chakula cha kuanzia ni dosa, mkate mpana na mwembamba wa mchele na dengu, vilivyolowekwa, vikasagwa, na kuachwa vikaumuka usiku kucha kama ulivyo unga wa mkate wa kumimina. Hujazwa viazi vilivyotiwa haradali na bizari, na huliwa kwa sambar, mchuzi wa dengu wenye ukwaju, pamoja na chatne ya nazi. Kerala na pwani yetu zinatazamana kuvuka bahari moja, na majahazi ya kaskazi na kusi yalizifunga kwa biashara karne nyingi. Basi si ajabu kwamba ulimi wa mtu wa Lamu au Unguja utautambua mchuzi wao wa samaki kabla hajaambiwa umetiwa nini.

Kwa asiye na wakati wa safari ndefu, ipo Drummond Street, nyuma ya stesheni ya Euston, njia fupi ambayo tangu miaka ya 1960 na 1970 imejulikana kwa vyakula visivyo na nyama. Humo huuzwa halua na pipi za maziwa, na bhel puri, yaani bisi za mchele zilizochanganywa na viazi, vitunguu, kotimiri na maji ya ukwaju, chakula cha mchana chenye kushibisha na cha bei isiyoumiza.

WACHINA, WAUYGHUR, WAVIETNAM NA WAKOREA

Wachina wa kwanza wa London walikuwa pia mabaharia, nao walikaa Limehouse, karibu na gati. Mabomu ya vita yaliuharibu mtaa ule, na katika miaka ya 1950 na 1960 Wachina walihamia Gerrard Street, Soho, ambako kodi wakati huo ilikuwa ndogo. Wengi walitoka vijiji vya Hong Kong, ambako kilimo cha mpunga kilikuwa hakilipi tena. Jambo la kulifuata hapo ni dim sum, yaani vyakula vidogo vidogo vya unga vilivyojazwa kamba au nyama na kupikwa kwa mvuke katika vikapu vya mianzi, ambavyo huliwa mchana pamoja na chai isiyotiwa maziwa. Birika likiisha, funua kifuniko chake kidogo, na mtumishi atafahamu. Muislamu na atahadhari: nyama ya nguruwe hutumika sana humo, na hata vile vya kamba aghalabu hutiwa mafuta yake.

Kwa Muislamu anayetamani tambi za Kichina bila ya shaka moyoni, ipo njia nyingine. Wauyghur, Waislamu wa magharibi ya mbali ya China, wana mgahawa wa Etles katika Walthamstow, ambako hupikwa laghman, tambi zinazovutwa kwa mikono mpaka zikawa ndefu na kutiwa mchuzi wa nyama ya kondoo na mboga, na sahani kubwa ya kuku, viazi na pilipili ambayo haimalizwi na mtu mmoja.

Wavietnam walikuja wakiwa wakimbizi baada ya vita vya nchi yao kwisha mwaka 1975, na wengi wao wakaja kukaa Hackney. Kwa hiyo Kingsland Road imejaa migahawa yao, na Sông Quê ni mmoja wa wale wenye sifa kwa pho, supu ya tambi za mchele ambayo mifupa yake ya ng'ombe huchemshwa saa nyingi pamoja na mdalasini na tangawizi iliyochomwa. Wakorea wako New Malden, mwendo wa treni kutoka Waterloo. Kampuni ya Samsung ilipata kuwa na ofisi hapo, wafanyakazi wakaja na aila zao, na leo nyama huchomwa katikati ya meza, ikizungukwa na visahani vya mboga, mojawapo kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili.

MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KUKETI

1. Watazame wanaokula. Ukiwaona wazee na watoto wa watu wenye chakula hicho, ingia kwa matumaini.

2. Isome orodha ya vyakula. Nyumba inayopika vya jimbo moja hushinda ile inayoahidi India, China na Thailand kwa pamoja.

3. Uliza kuhusu uhalali wa nyama. Migahawa mingi ya Kiislamu hubandika hati ya HMC, halmashauri inayosimamia machinjo ya halali. Ya Wahindu na Masingasinga aghalabu haina, na vyakula vya Kichina huweza kutiwa mvinyo wa mchele.

4. Itafute karatasi ya usafi. Wakaguzi wa serikali huupa kila mgahawa alama kutoka 0 mpaka 5, na nyingi hubandikwa mlangoni.

5. Ichunguze hesabu. Ada ya huduma, mara nyingi asilimia 12.5, huongezwa, lakini aghalabu ni ya hiari, na iliyokwisha lipwa haihitaji bakshishi nyingine.

6. Omba maji ya bomba. Ni salama, na mgahawa wenye leseni ya kuuza pombe na kunywewa humo hulazimika kisheria kukupa bure.

7. Nenda siku za kazi, mchana au mapema jioni, kwani Ijumaa na Jumamosi usiku foleni huwa ndefu.

HATIMA YA MANENO

Tumeona kwamba chakula bora cha Asia mjini London hakipatikani kwa kufuata taa, bali kwa kufuata historia: bandari iliwaleta mabaharia, viwanda vikawaleta Wapunjabi, vita vikawaleta Wavietnam, na siasa za nchi zetu wenyewe zikawaleta Wagujarati wa Nairobi na Kampala. Kila kundi lilipika kwanza kwa haja yake, na haja hiyo ndiyo iliyouhifadhi ustadi.

Walakini migahawa hii haikupewa dhamana ya kudumu. India Club, iliyoasisiwa mwaka 1951 na watu waliopigania uhuru wa Bara Hindi, na ambayo kwa miongo mingi iliwapa wanafunzi na waandishi dosa na chai katika ghorofa ya jengo la Strand, ilifungwa mwezi wa Septemba 2023, kwa kuwa wenye jengo walitaka kulitumia vingine. Sifa, historia na mapenzi ya wateja havikutosha kuiokoa. Nyumba za namna hii huishi kwa faida ndogo, na watoto wa wapishi, waliosomeshwa kwa fedha za jiko, wengi wao wamekuwa madaktari na wanasheria. Kwa hiyo mwenye kwenda London asiiahirishe safari ya Southall mpaka ziara nyingine. Na aende katika hii, aagize kile wenyewe wanachokila, alipe haki yao, na akirudi awaeleze wengine ni wapi alipokula.